Sauti ya Mutu Mwenye Hana Kitu ya Kuongeza

Eh, nyinyi wa kule nyuma, wenye munakunywa chai ya watu sawa vile muko ku ndoa, muweke vikombe chini kwanza! Na nyinyi wamaman wa shirika, sogezeni viti, hii bâche juu yetu inavuja upande ya kwenu, na mimi sitaki mutu aseme kesho ati hadisi yangu mimi Bisimwa ilimuletea homa. Jana tulimuzika Maître Namegabe. Famille waliniomba niseme neno moja pale ku kaburi, juu mimi njo muzee wa kusema mu hii avenue yote ya Bagira, hapa Bukavu; hata redio ikiharibika watu wanakuja kubisha kwangu. Nilisimama, nikafungua kinywa, nikafunga. Mulizani ni uchungu. Uchungu ilikuwa, sikatai. Lakini kitu yenye ilinizuia ilikuwa haya. Haya ya mwaka moja ya zamani, mwaka ya vita ya pili, yenye nilipitisha mu salon ya ule muzee nikijifunza sauti. Ndio, sauti! Wengine walisoma hesabu, wengine walisoma dini. Mimi mwenye sikumaliza hata darasa ya kwanza, nilisoma sauti ya watu wa mu vitabu, nikaisoma vizuri kabisa, na siku ya kwanza yenye niliitumikisha niliitumikisha hapa kwa Maître, mu hii parcelle, mahali ile sufuria ya maharagi iko sasa.

Mwaka ile masomo ilikuwa inafunguliwa na kufungwa sawa mulango ya choo ya soko. Maître alikuwa anafundisha littérature ku collège moja kule mujini, lakini toka Bagira mupaka mujini barrière za basoda wenye bunduki zilikuwa mingi kuliko miti, na wazazi walikataa watoto wasipite. Njo Maître akaleta collège mu salon yake. Muione ile salon: viti ine zenye vitambaa vyeupe vya kushona kwa mukono, picha ya Maman Inno siku ya ndoa yake akiwa muzuri mupaka photographe alisahau kumupiga Maître kichwa, na dirisha yenye ilifungwa na gunia ya unga, juu kioo ilivunjika siku bombe ilianguka kule ku kilima. Tableau ilikuwa mulango ya kabati yenye walipaka rangi nyeusi. Wanafunzi walikuwa wanakaa mupaka juu ya meza. Walikuwa wanalipa na kile wako nacho: huyu makala, ule maharagi. Mimi nilikuwa nalipa na sambaza, samaki kidogo za ziwa, juu nilikuwa nafanya biashara ya sambaza toka Katana, naenda na kurudi na ile barabara mupaka viatu yangu zilikuwa zinanijua kuliko mama yangu.

Nilianza kuingia mule juu ya Inno. Inno alikuwa mutoto wa kwanza wa Maître, kijana sawa mimi, fundi wa makinga, zile baiskeli, na kitabu ilikuwa inamuletea usingizi mbio kuliko pombe ya kasiksi. Baba anafundisha mu salon, yeye iko inje na mafuta mupaka ku masikio, anatukana vis yenye inakataa kutoka. Tulikuwa tunapatana sana. Mimi naongeza, yeye anaongeza juu yake. Nikisema niliona samaki mukubwa sawa mbuzi, yeye anasema, "Ndio, hata mimi nilimuona, alikuwa anakula majani." Tulikuwa tunacheka mupaka Maître anatoka ku mulango na craie ya tableau mu mukono: "Nyinyi wawili! Hapa kuko watu wanalia mu kitabu, na nyinyi munatuharibia kilio!" Hapo mimi nikataka kujua: nani analia mu kitabu? Kitabu ni karatasi, inaweza lia namna gani? Nikavua viatu, nikaingia, nikakaa ku benchi ya mbele, ndevu na yote, katikati ya watoto wenye wangeniita tonton.

Somo ilikuwa juu ya kitu wanaita ton. Maître alikuwa anasema hivi: maneno ni nguo, lakini ton ni mutu mwenye kuivaa. Mutu anaweza kukuambia "karibu" na unasikia kabisa anakufukuza. Aliandika majina ya zile ton ku tableau, zilikuwa mingi sawa watakatifu wa mu litania. Suppliant, ya mwenye kuomba. Solennel, ya mambo makubwa. Moqueur, ya kucheka mutu. Ironique, ile yenye inakusifu na kisu mu mukono. Na sisi kila mutu alipashwa kuleta mufano ya hapa kwetu, asilete ya Wazungu. Musichana moja akasema ton suppliant ni maman mwenye kufika ku barrière na kitunga ya ndizi juu ya kichwa. Mwengine akasema solennel ni katekista akitangaza ndoa, hata kama bwana ni mulevi na wote wanajua. Kwa ironique mimi nilinyanyua mukono: "Ni bibi ya kaka yako akionja mboga yako ya sombe na anasema, aa, mwaka huu chumvi iko mingi ku soko!" Salon yote ilicheka. Maître pia alicheka, akafuta macho, na nilizani nimeingia mu bunge ya watu wa akili.

Lakini siku ingine Maître akasoma habari ya mujane moja. Ule mujane, bwana yake amekufa, watoto wameenda, na yeye kila asubui anaamuka anafagia nyumba yote, hata chumba yenye haina mutu, halafu anafunga mulango pole pole juu asiamushe mutu. Maître akafunga kitabu. "Ton gani?" Na mimi, sijui shetani gani alinipanda, nikapasuka na kicheko: "Maître, huyu maman anafagia vumbi ya nani? Mumulete kwangu, mimi niko na vumbi mupaka mu sufuria!" Hakuna mutu alicheka. Kulikuwa mutoto moja pale, baba yake alikuwa amekufa mu vita ya kwanza, mama yake alikuwa anafanya vile vile na chumba yao. Sikujua. Yule mutoto akaangalia chini. Maître hakunikaripia, na ingekuwa afazali anichape. Alisema tu, "Tuendelee." Masikio yangu yalipata moto, mungeweza kuchomea muhogo.

Nilienda kujificha mu jikoni kwa Maman Inno, sawa vile nilizoea. Alinipa bugali na sambaza zangu mwenyewe, akaweka na pilipili. Ukuta kati ya jikoni na chumba yao ilikuwa mbao, na mbao ya mwaka ile ilikuwa na matundu kuliko mbao. Masomo ilipoisha nilimusikia Maître anaongea na bibi yake kule ndani.

"Ule Bisimwa," alisema, "nikimusikia nasikia mutungi tupu inaviringika ku mulima."

"Lakini anatuchekesha, Baba Inno. Mwaka hii nani mwengine anatuchekesha?"

"Anatuchekesha, ndio. Sikatai. Lakini siku moja atakuwa na kitu ya kusema kabisa. Nani atamusikia?"

Bugali ilinibakia mu shavu, haishuke, haitoke. Mutungi tupu! Mimi! Mu quartier walikuwa wananiita Bisimwa wa Bongo, mutu wa uongo, na nilikuwa naivaa ile jina sawa kofia ya sikukuu. Siku ile ilinigeukia. Niliona kabisa ni kweli: kama nyumba inaungua na mimi napiga kelele "moto!", watu wataleta nyama ya kuchoma. Njo nikaapa mu ile jikoni, na pilipili mu macho, kwamba nitajifunza ile sauti ingine. Nitakuwa mutu wa kusikiwa.

Ile sauti ingine jina yake ni grave. Ilikuwa ya mwisho ku tableau. Siku Maître alifika pale, akaomba mufano ya kwetu, na salon yote ikakosa. Moja akasema ni sauti ya padri, wakakataa. Moja akasema ni sauti ya komanda, wakakataa zaidi. Maître akapanguza mikono ku suruali. "Nitawaambia. Ton grave ni sauti ya mutu mwenye hana kitu ya kuongeza. Anasema kile kiko, anasimama. Na nyinyi mukisikia mutu amesema kidogo, na sauti ya chini, mujue nyuma ya ile kidogo kuko kitu kubwa imesimama." Salon yote ikageuka, ikaniangalia, ikaanza kucheka, juu mimi njo nilikuwa muongezaji wa Kivu yote. Lakini mimi sikucheka. Nilishika ile maneno sawa ukoma inashika kidole. Kusema kidogo. Sauti ya chini. Kutoongeza. Nilijizoeza na sambaza zangu. Mama mununuzi ananiuliza, "Ni za leo?" Zamani ningesema zilikuwa zinaimba asubui hii. Sasa nasema, "Ndio." Nanyamaza. Wamama wakazani zimeoza, wakaenda kununua kwengine. Biashara ilikufa, lakini mimi nilikuwa naendelea ku masomo.

Sasa musikie. Inno akasema anataka kunisindikiza Katana, kule kuko mutu anauza pneu za kinga. Tulifika salama, tukalala kwa rafiki. Asubui yake, tukiwa ku soko, masasi zikaanza, sijui nani anapiga nani, mwaka ile hata wenye kupiga walikuwa hawajui. Tulikimbia. Mimi nilikimbia mupaka nilijipita mwenyewe. Nilipogeuka, Inno alikuwa amekaa chini katikati ya ndizi za watu, anaangalia muguu yake sawa ni ya mutu mwengine. Tukamubeba na mulango ya kibanda mupaka ku hospitali ya mission. Na hata juu ya ile mulango, munisikie, hata pale ananiambia, "Bisimwa, ukienda kuhadisia hii, sema zilikuwa masasi kumi na mbili."

Docteur akaangalia. Sasi ilipita chini ya goti, mufupa ilivunjika, damu mingi ilitoka. Masera mwenye kumusaidia, mama moja mutawa wa sauti tamu, akanivuta ku véranda. "Ndugu, muguu inaweza kupona. Lakini damu tuko nayo imeisha. Docteur hawezi kumufungua bila damu. Wewe uko ndugu yake?" Nikanyoosha mukono yangu mbele hata hajamaliza. Wakapima. Damu yangu ilikataa, haikubaliane na yake. Hata damu yangu ni ya bongo, nilisema. Masera hakucheka. "Kimbia Bukavu. Lete baba yake, lete mama yake, ndugu zake, wote. Wafike leo. Docteur atangoja mupaka asubui. Kisha asubui muguu itaanza kuoza, na hapo sijui." Alitaka kuandika ku karatasi, mimi nikakataa: ku barrière, mutu mwenye kukutwa na karatasi ni mupelelezi, wanakulaza milele. Phonie ya parokia, ile redio ya kuongelea na watu wa mbali, nayo basoda walikuwa wameibeba. Kwa hiyo habari yote iliingia mu kinywa yangu. Mu hii kinywa! Mungu naye anapenda mizaha.

Nilipata camion ya makala, nikakaa juu ya magunia, na mu njia yote woga yangu ilikuwa moja. Haikuwa masasi, haikuwa barrière. Woga yangu ilikuwa: hawatanisikia. Nitaingia mu ile salon, nitaanza kusema masasi, ndizi, mulango ya kibanda, masera, damu yangu ilikataa, na wote watashika tumbo. Watasema, Bisimwa wa Bongo ameleta ingine. Na mutoto wa watu atapoteza muguu juu ya kinywa yangu. Njo nikaanza kujizoeza pale juu ya makala. Sauti ya chini. Kidogo. Nikatosha masasi, nikaiondoa mu maneno, juu ni kuongeza. Nikatosha ndizi, juu ndizi zinachekesha. Nikatosha damu, juu ningelia. Nikatosha muguu, juu Inno alikuwa ameniambia mizaha juu ya ule muguu na nilijua nikiutaja nitacheka ao nitalia, na yote mawili si grave. Nilitosha na nikatosha. Nilipofika Bagira, nyeusi sawa sufuria, nilikuwa nimebakia na maneno kidogo kabisa, safi, bila mufupa.

Ilikuwa mangaribi haijafika, wanafunzi wako mu salon. Nilisimama ku mulango. Wakaniona na ule uso ya makala, meno zikaanza kutoka, walikuwa tayari kucheka. Maman Inno alikuwa anatoka jikoni na mwiko mu mukono. Nikamuangalia Maître. Nikasema:

"Inno iko mugonjwa sana. Iko ku hospitali, Katana. Muende."

Sikuongeza kitu.

Nyinyi wote mulizaliwa hapa, hamuna lazima nieleze. Lakini kwa wajukuu wenye walikomalia mbali nitaeleza: kwetu mutu hafe. Kwetu hakuna mutu anaingia mu nyumba ya watu anasema "amekufa". Ni matusi, unaweza pigwa. Kwetu mutu anakuwa "mugonjwa sana", iko ku hospitali ya mbali, na unaambiwa "muende". Unaenda, na njiani, pole pole, macho ya watu inakuambia yenye kubakia. Mimi nilijua ile desturi sawa kila mutu. Nilikuwa nayo mu kichwa tangu utoto. Na ile siku, kwa kuangalia sauti tu, nilisahau maneno.

Maman Inno alisema, "Sema tena." Nikasema tena, na sauti ya chini zaidi, juu niliona inasikiwa! Mwiko ikaanguka. "Mawe weee! Mama yangu! Inno yangu!" Akavua kitambaa ya kichwa, akajitupa chini. Wasichana wa masomo wakaanza kulia. Kwa jirani mutu akauliza nini, kwa jirani wa jirani mutu akajibu, na mbele sijapumua vizuri kilio ilikuwa imefika quartier ya Kasha na kurudi. Watu waliingia, wakaanza kutosha viti inje, wakatandika mikeka chini. Maman Siuzike, présidente wa shirika, alifika na sufuria kubwa ya kilio juu ya kichwa; ile maman sufuria yake ilikuwa inasikia kifo mbele ya padri.

"Apana!" nilipiga kelele. "Apana, iko muzima! Ni muguu! Sasi iliingia mu muguu, tulikimbia mupaka nilijipita mwenyewe, tukamubeba ku mulango, hata alikuwa ananichekesha!" Mikono yangu ilikuwa inaruka sawa ya mutu anafukuza nyuki. Na Maman Siuzike akanishika ku bega, na huruma, machozi mu macho yake. "Mumuone maskini. Sasa anarudia bongo yake juu ya kutupoza. Mulete chai, mumutilie sukari." Niliapa. Niliapa kwa kaburi ya mama yangu! "Mama yako tulimuona asubui ku soko, anauza ndizi," alisema Maman Siuzike. "Kunywa, mutoto yangu."

Nikakimbilia Maître. Alikuwa amesimama mu salon tupu, mukono ku tableau. Yeye ni mutu wa akili, nilisema, yeye ataelewa. "Maître, njo kweli, docteur anangoja damu yenu kule! Damu yenu, leo hii!" Aliniangalia mu macho. "Najua, Bisimwa. Damu inaita damu. Hiyo inaitwa métaphore." Kisha akaweka mukono juu ya kichwa yangu, mbele ya wanafunzi wake, na sauti yake haikutetemeka. "Mulisikia vile alisema ku mulango? Hakuongeza kitu. Leo Bisimwa alisema sawa mutu mukubwa. Sasa, mutoto yangu, usiharibu."

Hapa njo mahali haya yangu inalala, tangu siku ile mupaka jana ku kaburi. Juu nilifurahi. Mutoto wake analala kule na muguu imepasuka, mama yake anaviringika inje mu vumbi, na mimi nilisimama chini ya ule mukono na nikafurahi sawa mutu mwenye walimupa diplôme. Ilikuwa kidogo, sawa mwangaza ya kiberiti. Lakini mu ile kidogo nilifunga kinywa. Sikutaka kuiharibu. Toka pale, miaka mingi Maître alikuwa ananialika kula hapa, ananiita mutoto yangu, na kila mara alikuwa ananyanyua mukono kushika chumvi, mimi nilikuwa nainamisha kichwa bila kujua juu ya nini.

Nilipofungua kinywa tena, nilikuwa nimechelewa. Mutu alikuwa ameenda kutafuta gari ya kuleta maiti. Menuisier, fundi wa sanduku ya maiti, alikuja kuuliza urefu, na mbao hazikuwako, akabomoa kitanda ya Inno. Mimi nilikuwa napita kwa moja na mwengine, "Iko muzima, iko muzima," na kila mutu ananijibu "Ndio, kwa Mungu wote ni wazima." Nilitaka kurudi Katana peke yangu, lakini barrière ya njia ilikuwa imefungwa mupaka asubui. Na mujue kitu yenye ni mbaya zaidi: usiku yote nikisikiliza nyimbo za kilio, na mimi nikaanza kulia. Nilizani labda wao njo wana akili. Labda alikufa nilipokuwa mu njia na mimi njo sijui. Nilijidanganya na sauti yangu mwenyewe, nikalia kuliko wote, mupaka Maman Siuzike aliniongezea sukari.

Tuliondoka asubui, jua imekwisha kupanda, na pick-up ya muuzaji moja wa simenti. Maître na Maman Inno mbele, sisi nyuma na sanduku. Ku barrière basoda walivua kofia, wakafungua njia bila kuomba hata sigara, kitu yenye Bagira haijaona mbele wala nyuma. Nikamuambia soda moja, "Chef, sanduku iko tupu, mutu iko muzima." Akaniangalia na huruma. Hata yeye!

Katana, masera alikuwa ku véranda. Alipotuona, uso yake ilifunguka, halafu ikaona sanduku, ikafunga. "Muko famille ya Innocent? Juu ya nini hamukufika jana?" Maître akauliza, na ile sauti yake ya pole, maiti iko mu chumba gani. "Maiti ya nani? Docteur aliwangoja mupaka asubui. Muguu ilikuwa imeanza kuoza, na roho yake ilitaka kufuata. Akamukata mbele ya saa ine, na damu kidogo yenye masera mwenzangu alitoa; kuokoa muguu haingetosha. Iko ndani. Iko anaomba bugali."

Maman Inno hakungoja. Alisukuma mulango, na sisi wote nyuma yake, na wale vijana wa sanduku, wenye hakuna mutu alikuwa amewaambia kitu, wakaingia nayo ku mabega. Inno alikuwa ku kitanda ya kwanza, mweupe sawa unga, macho wazi. Chini ya drap, shuka ya hospitali, upande moja ilikuwa inanyanyuka mupaka ku vidole. Upande ingine ilikuwa inanyanyuka mupaka ku goti, kisha drap ilikuwa inalala ku kitanda sawa maji. Mama yake alimushika kichwa, analia na kucheka. Maître aliona drap. Kisha akageuka pole pole, akaniangalia mimi, na mimi mwenye maneno haijaniisha tangu nizaliwe, nilitafuta moja tu ya kuongeza, nikakosa. Inno aliangalia baba yake. Akaangalia wale vijana. Akaangalia ile sanduku kutoka kichwa mupaka miguu, mbao ndefu za kitanda yake, misumari mipya, drap nyeupe, musalaba.

"Papa," alisema, "yote hii ni ya muguu tu?"